Gari la Juu, Gari la Chini na Mama Mkwe wa Misungwi

Mwezi uliopita nilifunika cherehani yangu kwa turubai, nikawaachia ninyi mliojifunza kwangu. Mabega yamekataa. Moyo bado una miaka ishirini na miwili, lakini moyo hausukumi sindano kwenye ngozi ya bandia. Mmeniomba niandike niliyoyaona kazini. Shule yangu iliishia darasa la saba, kwa hiyo mkikuta sentensi imekwenda upogo, inyoosheni wenyewe kama mnavyonyoosha mshono.

Ya vyeo sitayaandika. Gereji yetu haikuwa na vyeo: kulikuwa na fundi, na kulikuwa na anayetumwa chai. Nitaandika habari za viti.

Nilianza pale Mabatini miaka ya tisini, biashara zilipofunguliwa na magari yaliyotumika yakaanza kumiminika Mwanza kama senene. Kabla ya hapo gari lilikuwa la serikali, la misheni, au la tajiri mmoja ambaye kila mtu alimjua kwa jina na kwa honi. Ghafla hata muuza dagaa akawa anaweza kusimama nje ya yadi ya kuuzia magari, mikono nyuma, akipiga teke tairi la gari kama mtu anayejua anachofanya. Mimi nilikuwa nashona sare za shule na shangazi yangu, ukuta kwa ukuta na gereji ya Fundi Kato.

Fundi Kato alikuwa Mhaya wa upande wa Bukoba. Ovaroli yake aliipiga pasi kila asubuhi, na alituhakikishia kwamba kwao hata anayepalilia migomba huvaa shati lenye mikunjo iliyonyooka. Siku moja alikuja na kiti cha gari begani, kimechanika mgongo mzima, akaniuliza kama naweza kukishona. Nilikuwa sijawahi kushona kitu kisicho na kola. Nikasema naweza. Kabla ya saa sita nilikuwa nimevunja sindano tatu. Hakunigombeza. Alichukua sindano ndefu ya magunia, akaipasha kwenye jiko la mkaa la mama muuza chapati, akaikunja kama mwezi mchanga, akanipa. Sindano ile ndiyo mliyoikuta kwenye kopo la maziwa. Msiitupe.

Alinifundisha mambo machache, na yote mnayajua kwa sababu nimewapigia kelele nayo. Kiti hufumuliwa kabla hakijashonwa, na kitambaa cha zamani ndicho ramani yako. Sponji huoshwa na kuanikwa juu ya mawe, na kwa mawe sisi wa Mwanza hatujambo. Na usimkabidhi mtu kiti ambacho wewe mwenyewe hujakikalia.

Mimi nilikuwa na ugonjwa mwingine. Kwenye viti vile nilikuta vitu: kibanio cha nywele, tiketi yenye maandishi ya huko yalikotoka magari, mara moja soksi ya mtoto, ndogo kama kidole gumba. Nilikaa na soksi ile mchana mzima nikimfikiria mwenye nayo, kama amekua, kama mama yake aliitafuta. Fundi Kato akapita.

"Kabula, unashona au unaota?"

"Vyote, fundi."

"Basi ota kwa mkono mmoja."

Sasa niwasimulie ile kesi, maana ndiyo iliyonifanya fundi.

Mama Shija alikuwa mjane kutoka Misungwi. Mumewe alimwachia watoto wanne na ng'ombe, na baada ya kufikiri misimu miwili aliamua kuuza ng'ombe wote anunue gari la kukodisha. Si la kubeba mizigo. Alitaka gari la ugeni: la kupeleka wazazi kwa wakwe, kuleta wageni wa ubatizo, kwenda kutazama mchumba. Aliona watu wengi mjini sasa wana kazi na ndugu zao wako vijijini, na heshima inahitaji usafiri. Mimi niliona ni wazo zuri kupita yote niliyokuwa nimesikia. Shemeji yake, Maduhu, mdogo wa marehemu, naye aliliona zuri, ila yeye alijiona tayari kwenye usukani, kiwiko nje ya dirisha.

Yadini kulikuwa na magari mawili aliyoyaweza. La kwanza lilikuwa la juu, la kijani, la dizeli, milango miwili mbele na mmoja nyuma, na huko nyuma mabenchi mawili marefu ya pembeni yaliyotazamana. La pili lilikuwa la chini, refu, rangi ya maziwa, milango minne na buti ambalo lingemeza mbuzi wawili na bado likafungwa. Viti vyake vilikuwa vya mahameli ya rangi ya divai. Nilipokikalia cha nyuma mara ya kwanza nilivua viatu kwa heshima.

Mwenye yadi alimwamini Fundi Kato, akakubali Mama Shija ayajaribu yote mawili kuanzia Jumatatu. Jumamosi jioni achague, kwa sababu kulikuwa na mnunuzi mwingine kutoka ng'ambo ya ziwa ambaye angechukua lolote litakalobaki. Mama Shija alimgeukia fundi, akasema kwa sauti ndogo, "Baba, ng'ombe hawarudi. Nikikosea, wanangu nitawaambia nini?"

Fundi Kato akayapima kama daktari. La juu: springi ngumu kama za lori, injini haina haraka lakini haichoki, linapita popote, vipuri vinapatikana hata kwa watengeneza matrekta. Nyuma linabeba watu kumi. La chini: linateleza kama mashua, halina kelele, gia zinajibadilisha zenyewe, jambo ambalo Maduhu alilitilia shaka kama uchawi. Linakunywa petroli bila aibu. Tumbo lake liko karibu mno na ardhi. Kwa karatasi ya fundi, la juu lilishinda hata kabla halijawashwa.

Mimi nilipewa kazi ya kuyafanya yapendeze kwa safari ya majaribio. La chini nililipiga brashi tu. Kwenye la juu nikamwaga roho yangu yote. Yale mabenchi ya pembeni yalikuwa mbao tupu, nikayawekea sponji nene, nikayavalisha ngozi ya bandia ya kahawia yenye mshono wa mistari. Nilikaa upande mmoja, nikamwita shangazi akae upande wa pili, magoti yetu yakakaribia kugusana, tukapiga soga. Nikasema, hapa watu watafurahi, watazamane wacheke. Mimi, Msukuma niliyezaliwa na kulelewa na Wasukuma, ndiye niliyesema hivyo. Kumbukeni hilo.

Mteja wa majaribio alipatikana haraka. Deusi, kijana wa Mkolani aliyekuwa ametoka kumwoa Minza wa Misungwi, alitaka wakwe zake waje kuona nyumba ya binti yao kwa mara ya kwanza. Wangekaa siku chache, kisha warudishwe. Alitaka aende kuwachukua mwenyewe, na alivaa suti yake ya harusi. Jumanne asubuhi tukaondoka na magari yote mawili: Fundi Kato na Deusi kwenye la chini, Maduhu, Mama Shija na mimi kwenye la juu. Mpango ulikuwa rahisi: wazee wawili warudi kwenye mahameli, mashangazi wa Minza na mizigo kwenye la juu.

Barabara kubwa ilikwenda vizuri. La chini lilitangulia, laini, sisi nyuma tukirushwa kama mahindi kwenye ungo. Tulipokata kuingia njia ya kijijini, mvua ya usiku ilikuwa imelowesha ule udongo mweusi wa mbuga, unaonata kama ugali mbichi. La chini likaingia mita kumi, likakaa. Halikukwama kwa fujo. Lilikaa tu, tumbo chini, kama bibi aliyechoka. Fundi Kato akashuka, akatazama viatu vyake, akasema neno la Kihaya ambalo hakunitafsiria.

Tukaliacha pale. Fundi na Deusi wakapanda nasi, la juu likapita kwenye tope lile kana kwamba ni sakafu ya kanisa, na Maduhu akaimba njia nzima. Mama Shija alinishika mkono, nikaona machoni pake kwamba ameshachagua.

Kwa wakwe tulipokewa vizuri. Shikamoo zikaenda, marahaba zikarudi, maziwa ya mgando yakanywewa. Mizigo ikatoka: gunia la michembe ya viazi vikavu, kuku watatu, kibuyu cha samli. Baba mkwe, mzee mwenye fimbo, akapewa kiti cha mbele. Fundi Kato, Mama Shija na mimi tukajibanza nyuma pembeni, mashangazi watatu wakaingia wakicheka, Deusi akaingia na suti yake. Vifurushi vya mashangazi vikajaza kwingine, nafasi moja tu ikabaki, mbele yake kabisa.

Mama Minza, mama mkwe, alifika mlangoni, akatazama ndani, akarudi nyuma hatua mbili.

Fundi Kato alidhani gari ni refu mno kwake. Akaruka chini, akaleta kreti la soda, akaliweka chini ya mlango, akalikanyaga kuonyesha ni imara. Mama Minza akashukuru, akabaki pale pale. Fundi akaleta kreti la pili.

"Mimi nitatembea," Mama Minza akasema.

"Mama, Mkolani utatembea?"

"Kwani ni wapi? Nitafika."

Maduhu akaanza kupiga honi. Mashangazi walikuwa wameacha kucheka, wanatazama vidole vya miguu yao. Deusi anajipangusa jasho kwa mkono wa koti. Na mimi nikatazama yale magoti ya suti, kisha nafasi iliyo wazi mbele yake, nikaona nilichokifanya.

Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja hupisha. Siku hizi wengi wamelegeza, lakini Mama Minza hakuwa mtu wa kulegeza. Na mimi nilikuwa nimemshonea kiti kizuri kabisa cha kukaa goti kwa goti na mkwewe, uso kwa uso, kutoka Misungwi hadi Mkolani. Kama ningemwekea msumari, angekaa kwa urahisi zaidi. Na la kuudhi ni kwamba hakuweza kusema kwa nini, maana kulisema mbele ya mkwe nako ni kukosa heshima. Deusi naye hivyo hivyo.

Nikamsogelea Fundi Kato nikamnong'oneza. Akanitazama.

"Kumbe ndiyo hiyo tu? Si mngesema?"

"Ndiyo jambo lenyewe, fundi. Halisemwi."

Deusi alinielewa kabla sijamaliza kumpa ishara. Alishuka, akavua koti la suti, akapanda juu ya keria ya paani, akakaa kati ya kuku na michembe. Mama Minza akapanda bila kreti lolote, mwepesi kama msichana. Tukaenda hivyo, mkwe juu, mama mkwe ndani, na kila tukirushwa tulisikia kuku wakilalamika, na Deusi akiwaomba radhi. Tuliposhika tena njia kubwa, baada ya kulivuta la chini kwa kamba, wazee wakahamia kwenye mahameli, mkwe akashuka kutoka juu na manyoya kwenye nywele, akaketi mbele na fundi.

Mkolani, wageni walipokuwa wanakaribishwa, Mama Shija aliketi kwenye jiwe nje ya uzio. Nikaenda kukaa naye.

"Kabula, gari moja halifiki," akasema. "Lingine halipandwi. Mimi nilikuwa na ng'ombe wanaofika na wanaokamuliwa."

Maduhu akaja akisema hiyo ni mila ya bibi mmoja tu, wengine watapanda. Mama Shija akamwambia, "Shemeji, mimi nataka kubeba wakwe. Wakwe wote ni bibi huyo." Kisha akalia, kimya kimya, kwa ncha ya khanga. Mimi nami nikalia, nisiwafiche, maana viti vile nilivishona mimi. Fundi Kato alitukuta hivyo wawili, akasubiri, akanipa kitambaa chake kilichopigwa pasi.

Ndipo nikakumbuka kile kiti cha mahameli. Wazee walikuwa wamekaa humo, na mbele yao Deusi, na hakuna aliyepata shida. La chini lilikuwa na adabu kwa sababu kila mtu ndani yake anatazama mbele. Anachokiona ni kisogo. Nikasimama.

"Fundi, mabenchi nitayageuza."

Akapiga hesabu palepale. Kugeuza kunataka njia ya kupita katikati, huku injini ikinywa dizeli ile ile. "Watu kumi wa nyuma wanakuwa sita," akasema.

"Sita wanaopanda, fundi, ni wengi kuliko kumi wanaotembea."

Akachomoa spana mfukoni, akanipa. Nimefanya naye kazi miaka mingi, na kwake hiyo ndiyo ilikuwa sifa kubwa.

Mwenye yadi alikubali kwa sharti kwamba gari lisiponunuliwa, nirudishe mabenchi kama yalivyokuwa, kwa mkono wangu. Jumatano asubuhi nikafungua bolti. Nikaingia kwenye la chini na uzi wa kupimia: urefu wa kiti kutoka sakafuni, kina cha kikalio, na jinsi mgongo unavyolala nyuma kidogo ili ukirushwa usirudi mbele kama nyundo. Nilipima mpaka upana wa mshono. Fundi wa kuchomelea, jirani yetu, akatengeneza fremu sita za mtu mmoja mmoja, mbili kila safu, na ngazi ya chuma chini ya mlango wa nyuma.

Alhamisi jioni nikafunga viti vyote, nikamwita Fundi Kato akalie. Akapanda na kofia yake, akaketi, kofia ikagota paa, ikamshuka mpaka puani. Vipimo vya gari la chini vinalifaa gari la chini kwa sababu sakafu yake ni tambarare. Huku kulikuwa na vibumba vya magurudumu, yale mabati yanayofunika matairi kwa ndani, na fremu zilipanda juu yake. Nikafumua yote. Ijumaa nikakata miguu ya fremu vidole vinne, nikapunguza sponji katikati, nikaiongeza pembeni, nikashona upya. Vidole vyangu vilikuwa vyekundu na nilikuwa na furaha kama mtu aliyechumbiwa. Safari hii sikumwita fundi. Nilikaa mwenyewe, kiti kimoja baada ya kingine, vyote sita, nikifikiria nani atakaa pale na nani atakuwa mbele yake. Fundi akapita, akaona midomo inacheza.

"Unaota?"

"Naota, fundi."

"Ota vizuri. Kesho asubuhi wanarudi kwao."

Jumamosi ardhi ilikuwa bado mbichi, kwa hiyo la chini lilibaki Mabatini. Tulifika Mkolani na la juu peke yake. Baba mkwe akaketi mbele na Maduhu. Deusi, aliyekuwa na suti tena, jamani, mtu yule hakuwa akikata tamaa, akapanda akakaa safu ya kwanza. Mashangazi wawili safu ya pili. Shangazi wa tatu akaingia safu ya mwisho, na karibu naye pakabaki pa Mama Minza. Mama Shija alikuwa amesimama kando, mikono ameikunja kifuani.

Mama Minza akatazama ndani kama alivyotazama Jumanne. Akaona visogo. Akakanyaga ngazi, akaingia, akaketi, akajipangia khanga magotini, akapapasa mgongo wa kiti kilicho mbele yake.

"Hiki kimeshonwa," akasema.

Mama Shija akaenda kuketi kando ya Deusi, mimi nikachuchumaa njiani katikati, maana viti sita vilikuwa vimejaa. Tukaondoka. Tulipopita nyumba za mwisho, sauti ikatoka nyuma.

"Mkwe."

"Naam, mama," Deusi akajibu, macho mbele.

"Ule mlango wako wa jikoni unaingiza moshi. Uhamishie upande wa pili."

"Sawa, mama."

Basi hapo ndipo pakafunguka. Mwanamke ambaye kwa mila yake asingeweza kumtazama kijana yule aliongea na kisogo chake kutoka Mkolani hadi Misungwi. Alimweleza Minza alivyokuwa mtoto, alivyougua surua, kwamba akinuna asibembelezwe mara moja, aachwe apike kwanza. Deusi aliuliza maswali. Mashangazi wakasahihisha. Kwenye tope lile lile jeusi hakuna aliyeona tunapita. Baba mkwe aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kujua mkewe ana maneno mengi hivyo kwa mkwe yeyote.

Wadogo zangu, magari yote mawili yalikuwa mazuri, na lile la chini nalipenda mpaka leo. Lilinunuliwa na mtu wa ng'ambo ya ziwa mwenye barabara kavu, na naamini lilimtunza. Lakini anayekuja kwenu akiuliza lipi bora, msimfungulie boneti kwanza. Muulizeni atakaa na nani.

Pale uwanjani Misungwi, mizigo iliposhushwa, Mama Minza alimfuata Mama Shija. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nina mabinti wengine wawili wameolewa," akasema. "Mmoja yuko Magu, mmoja Sengerema. Nyumba zao sijaziona hata moja. Gari hili hili, mama. Na viti hivi hivi."

Mama Shija alizunguka nyuma ya gari, akakanyaga ile ngazi, akapita katikati ya viti mpaka safu ya mwisho, akaketi. Akavuta mlango mwenyewe, ukafungika. Kisha tukamsikia kutoka ndani, sauti yake imetulia kabisa:

"Shemeji, nipeleke yadi. Nakwenda kulichukua gari langu."